Siku Moja Maishani Mwangu: Nasuka Ringi ya Muuza Madafu

Saa 11:30 alfajiri nashuka mteremko wa feri ya Likoni, baiskeli mkononi, katikati ya umati uendao kazini. Upepo unanigonga usoni na nikijipangusa, midomo ina chumvi. Chumvi hiyo ndiyo inayokula magurudumu ya mji huu wa Mombasa.

Saa 1 nafungua kibanda changu cha ufundi baiskeli Mwembe Tayari. Chai, mahamri, mbaazi.

Saa 2 kasorobo akaja mzee mmoja muuza madafu, akisukuma baiskeli nyeusi ya breki za vyuma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Spoki ya nne hii mwezi huu. Kila fundi aniambia zimekazwa mno."

Nilizitazama. Zote nne zilikatika shingoni, pale spoki inapopinda kuingia kwenye habu, kitovu cha gurudumu. Nilipozibana zilizobaki kwa vidole, zilikuwa tepetepe. Hili nalisema kila siku na sichoki: spoki nyingi hukatika kwa sababu zimelegea. Gurudumu likizunguka, spoki iliyofika chini hupoteza mkazo, ikipanda huupata tena. Ikiwa tangu mwanzo haikukazwa vya kutosha, shingo yake huchezacheza kila mzunguko, kama waya unaoukunja na kuukunjua mpaka ukatike. Na mzee hubeba madafu 50 kwa safari moja.

"Basi nitilie nene kuliko zote."

Nikamkatalia kwa adabu. Spoki nene kote haivutiki, kwa hiyo ringi ikibonyea kidogo tu, inalegea mapema. Afadhali ile yenye milimita 2 kwenye ncha zote mbili na 1.8 katikati. Tumbo lake jembamba hunyumbuka, shingo ikapumzika.

Saa 4 nilikuwa dukani. Muuzaji akanitolea spoki za bei rahisi zinazong'aa, chuma kilichopakwa zinki tu. Zinki ikiisha, kutu haichelewi, nami nimeziona nyingi. Nikataka zisizoshika kutu. Kijana aliyesimama kando akatoa sumaku, ikazivuta kidogo, akasema ni bandia. La. Chuma hicho kikivutwa kuwa waya kingali baridi hupata usumaku kidogo, kwa hiyo sumaku isikukoseshe spoki nzuri. Nati za kukazia spoki nikachukua za shaba ya njano. Za alumini ni nyepesi, lakini kwenye chumvi hushikana na spoki, siku ya kuzikaza zikavunjika mkononi. Urefu nao nilipima mara mbili: spoki ikizidi, ncha hutokeza ndani ya ringi na kutoboa tyubu.

Ringi sikununua. Breki za mzee hukamata ringi kwa upande unaotazama habu, na ringi nyingi za alumini hazina mahali pa kukamatwa hivyo. Yake ya chuma niliifungua, nikailaza juu ya kioo, ikalala sawa. Ni nzima. Matundu ya habu ndiyo yaliyokuwa yamepanuka, nikatia wosha ndogo za shaba chini ya vichwa vya spoki ili visicheze.

Adhuhuri, swala, wali wa nazi.

Saa 8 nikasuka. Spoki 36, kila moja ikikatana na tatu, ile ya tatu ikipita upande wa pili wa mwenzake. Nakaza robo robo, kisha nazishika mbili mbili zinazokwenda sambamba na kuzikamua kwa nguvu zangu zote mpaka viganja viwake moto. Wengi huiruka hatua hii, na mimi siwezi kuiruka. Hapo shingo hukaa mahali pake, nakaza tena. Mwisho nazipiga kwa ukucha nikisikiliza: upande wa friwili, penye mnyororo, sauti juu kidogo, lakini spoki za upande mmoja lazima zilie sawa. Mbili zilikataa. Zilinichukua nusu saa.

Saa 10:30 mzee akarudi, akalipa, akafunga magunia yake nyuma. Nikamwambia apite Ijumaa baada ya swala nizisikilize tena zikiwa zimebeba mzigo wa siku tatu. Akapiga spoki moja kwa ukucha, akainamisha sikio, akapiga ya jirani yake.