"Nipo njiani" na hesabu ya kuwahi

Basi la mkoani linaloondoka stendi ya Magufuli, Mbezi Luis jijini Dar es Salaam, saa 12 alfajiri halina abiria wa kusema "nipo njiani". Mtu yuleyule anayeingia kazini saa 3 wakati wenzake wameshaanza saa 2:30, siku ya safari utamkuta stendi saa 11 na robo. Begi limefungwa tangu jana, tiketi ipo mfukoni, chupa ya maji mkononi. Kwa hiyo kuwahi anaweza. Siku ya basi alipiga hesabu kuanzia saa ya kuondoka akirudi nyuma. Siku ya kazi anaanzia kitandani akienda mbele, huku akiomba foleni iwe na huruma.

Tatizo linaanza na namba iliyo kichwani. Muulize mkazi wa Mbezi ni dakika ngapi kutoka kwake hadi Posta, katikati ya jiji, atakujibu "hamsini na tano, saa moja hivi". Hiyo ni safari yake bora kuliko zote, ile ya siku gari lilipokuja mara moja na taa zote zikawa kijani. Kichwa cha binadamu ndivyo kilivyo. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliliandika jambo hili mwaka 1979: tunapokadiria muda wa shughuli tunatazama mpango wetu, hatutazami yaliyotupata mara zilizopita. Mwaka 1994 mwanasaikolojia Roger Buehler na wenzake huko Kanada wakawauliza wanafunzi wa chuo wataimaliza lini kazi yao kubwa ya utafiti. Kwa wastani walikadiria siku 33.9. Iliwachukua siku 55.5.

Dawa ni kuacha kukadiria na kuanza kuandika. Kwa siku 10 za kazi, andika kwenye simu nyakati mbili tu: saa mguu ulipovuka mlango wa nyumbani, na saa ulipokaa kwenye kiti cha kazini. Usianze kuhesabu ulipopanda gari. Kutembea hadi kituoni, kusubiri, kugombania mlango wa daladala, kusaini getini na kupanda ngazi, vyote ni safari. Anayevuka na pantoni ya Kigamboni analijua hili vizuri: maji yenyewe ni dakika chache, kinachokula asubuhi ni kule kuisubiri kabla ya kupanda.

Tuseme siku 10 zimekupa dakika hizi, ukizipanga kuanzia ndogo: 55, 58, 60, 60, 62, 65, 66, 70, 85, 110. Ukijitengea saa moja, utachelewa siku 6 kati ya 10. Wastani wake ni kama dakika 69, na wengi wakishaupata wanatulia hapo, lakini wastani nao unakuchelewesha siku 3. Chukua namba ya pili kutoka juu, yaani 85. Hapo utachelewa siku moja tu, ile ya ajali barabarani, na siku hiyo hata bosi wako yupo kwenye foleni hiyohiyo. Ile 110 usiitumie kila siku, utachoka ndani ya wiki mbili na kurudi ulikotoka.

Sasa rudi nyuma. Kikao ni saa 2:30, unataka kuwa umekaa saa 2:20. Toa dakika 85, unapata saa 12:55. Hiyo ndiyo saa yako halisi, saa ya mlangoni, nayo ndiyo ya kuandika ukutani badala ya 2:30. Kisha hesabu ya ndani ya nyumba: kuoga 10, kuvaa 10, chai 15, kutafuta vitu 5, kufunga milango na kuaga watu 5. Jumla 45. Miguu iwe sakafuni saa 12:10. Anayesema anajiandaa kwa dakika 20 amesahau chai, au amesahau kwamba nyumba nzima inatumia bafu moja.

Watu wengi wanaweka kengele ya kuamka peke yake, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Weka mbili zaidi, ya saa 12:40 na ya 12:55. Ya kwanza maana yake ni viatu: chochote unachofanya, acha, vaa viatu. Ya pili ni kutoka. Zipe milio tofauti na ya kuamkia, maana mlio wa kuamkia sikio limeshazoea kuupuuza. Kusogeza saa ya ukutani mbele dakika 10 hakusaidii. Unajua umeisogeza, na kila ukiitazama unazitoa zile 10 kichwani na kuongeza tano za bure.

Adui mkubwa wa saa ya mlangoni si uvivu. Ni kile kitu kimoja kidogo. Mkono upo kwenye kitasa, unakumbuka kikombe hakijaoshwa, au meseji ya kundi la familia haijajibiwa, au shati lile lingine lingependeza zaidi. Kila kimoja unakiita dakika mbili, na kila kimoja ni dakika sita. Kengele ya pili ikishalia, kikombe kinabaki kichafu mpaka jioni. Wanaojivunia kuacha nyumba safi ndio hasa wanaoteseka hapa.

Usiku, kabla ya kulala, malizia mambo manne: nguo zipigwe pasi (umeme ukikatika saa 11 alfajiri pasi ni chuma tu), simu ichajiwe, nauli iwe pembeni kwa noti ndogo, na funguo zilale mahali pamoja kila siku. Zile dakika 5 za kutafuta vitu zitakufa zenyewe.

Kuna watu wanaochelewa kwa sababu nyingine kabisa: hawapendi kusubiri. Kufika dakika 20 kabla kwao ni hasara, wanajiona wajinga pale kwenye benchi. Huyo hata umpe hesabu hii atazikata zile dakika mpaka ziishe. Dawa yake ni kupanga kazi ya benchi: barua za kusoma, hesabu za wiki, simu ya mama ambayo hajapiga tangu Ijumaa. Asipokuwa nayo, ataona mpango mzima ni wa kumwonea.

Ukishaandika wiki mbili, angalia pia ulimchelewea nani. Kama kwa mkurugenzi unawahi, na kwa fundi cherehani, dada wa kazi anayesubiri kwenda kwao, au mdogo wako uliyemwambia saa 10 unafika saa 12, basi tatizo lako si dakika 85. Unajua kuhesabu, ila unachagua wa kumhesabia. Hapo kengele hazitibu kitu. (Harusi niziache kando. Kadi inasema saa 12 jioni, maharusi wanaingia saa 3, na waalikwa wote wanajua. Hayo ni makubaliano, hakuna anayemwibia mwenzake.)

Siku utakayochelewa, na ipo, tuma ujumbe kabla ya saa ya miadi, maana ukishapita muda unakuwa utetezi. "Nipo njiani" haimsaidii anayesubiri; hata aliyeko bafuni huituma. Taja mahali, saa na kazi: "Shikamoo mzee, samahani. Sasa ni saa 2:10, nipo Manzese, nitafika saa 2:50. Naomba muanze na taarifa ya stoo, yangu iwe ya mwisho." Saa unayotaja iongezee dakika 10 juu ya unayoamini. Ukisema 2:50 ukaingia 2:45 kosa limekuwa moja. Ukisema 2:40 ukaingia 2:50 umechelewa mara mbili. Na ukifika, habari za foleni ziishie mlangoni. Kila aliyemo chumbani ameiona.

Namba yenyewe ina msimu. Kati ya Machi na Mei mvua za masika zikijaa Jangwani, barabara ya Morogoro hufungwa, mabasi ya mwendokasi husimama, na 85 yako inakuwa ndoto. Shule zikifungwa barabara hulegea na utaanza kufika mapema mno, ukidhani umepona. Zikifunguliwa Januari utashangaa. Kwa hiyo andika upya siku tano mvua zinapoanza, na siku tano nyingine wiki ya kwanza ya shule. Ukihama nyumba, au njia ikipata kituo kipya, futa zote uanze na karatasi tupu, hata kama kwenye ramani umbali ni uleule.