Wiki ya Kigoda na swali la dada wa Katumba

Ijumaa, usiku

Wiki ya Kigoda imefungwa leo jioni. Naandika kabla hayajapoa, maana kuna swali limeulizwa ukumbini ambalo sitaki lipite hivihivi.

Kwa asiyefahamu: Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Umajumui wa Afrika, yaani kiti cha heshima cha uprofesa, kilianzishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2008, na Profesa Issa Shivji ndiye aliyekikalia kwanza. Mwaka uliofuata akaalikwa mwandishi wa Nigeria, Wole Soyinka, kutoa mihadhara. Kwa kawaida tamasha hufanyika Aprili, mwezi aliozaliwa Mwalimu, na kunakuwa na mihadhara, mashairi, ngoma na ubishi wa kutosha. Ukumbi ni Nkrumah, lile jengo lililokuwa nyuma ya noti ya shilingi 500, kabla sarafu haijachukua nafasi yake. Mimi si mwanafunzi tena, lakini wiki hii nikitoka kazini nilikuwa napanda daladala za Chuo badala ya kwenda nyumbani.

Safari hii nilifuata zaidi mazungumzo ya uhuru na uraia. Kilichonishika ni tarehe mbili. Tarehe 18 Oktoba 1961, wiki chache kabla bendera haijapandishwa, Bunge la Tanganyika lilijadili Muswada wa Uraia. Wapo wabunge waliotaka uraia uwe wa Waafrika weusi peke yao; Wahindi, Waarabu na Wazungu wasubiri, au wasipewe kabisa. Mwalimu alisimama na hasira ya wazi. Aliwafananisha na Hitler wale waliotaka kutukuza rangi, akasema muswada ukikataliwa serikali yake itajiuzulu. Siku saba baadaye, tarehe 25 Oktoba, chuo chenyewe kilifunguliwa katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wachache wa sheria. Kwa hiyo swali la nani ni wa hapa, na chuo cha kutufundisha kuliuliza, vimezaliwa ndani ya wiki moja. Sijui kwa nini hatukusimuliwa hivi shuleni.

Nampenda Mwalimu wa siku ile kupita kiasi. Na kwa sababu nampenda sitaki asomwe nusu. Mwaka 1962, uhuru haujatimiza hata mwaka mmoja, ilipitishwa sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo hikihiki waliandamana wakiwa na majoho yao hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT): miezi mitano kambini, kisha mwaka mmoja na nusu wa kazi kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu aliwasikiliza, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, halafu akawafukuza wanafunzi zaidi ya 300. Wengi walirudishwa mwaka uliofuata. Nimelitafakari hilo sana. Kukata mshahara wake kulikuwa ni uungwana mkubwa. Kuwafukuza vijana waliokuja kusema wanachokiona, mimi naona hakukuwa haki, hata kama madai yao yalikuwa na ubinafsi ndani yake. Raia ana haki ya kudai hata lile ambalo kiongozi mwema anaona ni dogo.

Sasa, swali. Jana, wakati wa maswali, alisimama dada mmoja mwanafunzi, sauti ya chini, kipaza sauti amekishika kwa mikono miwili. Akasema kwao ni Katumba, Katavi. Babu yake alivuka kutoka Burundi mwaka 1972. Baba yake kazaliwa kwenye makazi ya wakimbizi ya hapo, na yeye pia. Serikali ilikubali kuwapa uraia watu wa makazi yale, wapatao 162,000, lakini kati ya uamuzi wa 2010 na vyeti vya 2014 walikaa hewani, hawajui kama watahamishwa. Baba yake alipopata cheti alikipeleka kikawekwe plastiki, akakifungia kwenye sanduku la nguo za sikukuu. Akauliza: "Wazee wangu, naomba kujua. Mimi nikijaza fomu, naulizwa kwenu hasa ni wapi. Nikisema Katumba, naulizwa tena, kabla ya hapo? Mtu anamaliza lini kuwa raia mpya?"

Jibu la mezani lilikuwa la kisheria, na lilikuwa sahihi: kuna uraia wa kuzaliwa, wa kurithi na wa tajnisi, yaani wa kuomba na kupewa; huu wa mwisho unaweza kufutwa, na anayeugombea urais sharti awe raia wa kuzaliwa. Dada akashukuru, akakaa. Mimi nilitaka mtu amwambie kwamba swali lake ndilo lile la Oktoba 1961, ila safari hii kipimo si rangi, ni mahali alipotoka babu. Yeye hakuomba kufafanuliwa vifungu. Aliwauliza watu wa fasihi, historia na falsafa tunaishije na jirani ambaye cheti anacho na bado tunamhoji, na hao ndio nilitarajia walichukue.

Nilimfuata nje, pale chini ya miti, nikampa shikamoo ya utani kwa ujasiri wake. Akacheka. Hakuwahi kusikia habari ya mjadala ule wa Bunge. Tumekubaliana Jumatano ijayo tuonane maktaba kuu ya chuo, sehemu ya East Africana, tuombe kumbukumbu za Bunge za Oktoba ile tusome wenyewe, mbunge kwa mbunge.

Na kwa waandaaji, kama mnanisoma: mwakani siku moja ya Kigoda ipelekeni nje ya mlima wa chuo, mtaani. Msewe pako karibu, hata uwanja wa shule unatosha. Mjadala uwe wa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, na mezani akae mtu wa makazi yale, Katumba, Mishamo au Ulyankulu, apewe muda uleule anaopewa profesa.