Maji ya rejeta yalikuwa yanakwenda wapi

Iringa, Jumapili jioni, mwezi Julai

Kwa majuma kadhaa nimekuwa nikifungua boneti asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, na kukuta maji ya rejeta yameshuka chini ya mdomo wake. Gari ni Toyota Corolla ya mwaka 1998 yenye injini ya 5A, na ndilo linalotupeleka Mafinga kwa mama kila tunapohitajika. Chini ya gari hapakuwa na tone. Mpira wa juu na wa chini wa rejeta ilikuwa mikavu, pampu ya maji haikuwa na alama yoyote kwenye kile kitundu cha chini ambacho hutoa maji sili inapochoka, na geji ya joto ilikaa palepale ilipozoea kukaa. Maji yaliendelea kupungua. Leo kazi imekamilika, nami naandika jinsi tulivyoyafuata hadi tukayaona, kwa kuwa naamini magari mengi ya umri huu hufunguliwa hedi, ile sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda, bila sababu.

Mfumo wa kupoza injini umefungwa pande zote. Maji yakipata moto hutanuka, husukuma vali iliyo ndani ya kifuniko cha rejeta na kuingia kwenye kopo la akiba. Injini ikipoa, vali nyingine ndogo katika kifuniko hichohicho huyaruhusu kurudi. Kwa sababu hiyo, rejeta inapopungua huku kopo likizidi kujaa, kifuniko ndicho cha kwanza kushukiwa, maana kinatoa bila kurudisha. Kwangu vyote viwili vilipungua pamoja: rejeta ilivuta maji kutoka kwenye kopo hadi kopo likakauka, kisha rejeta yenyewe ikaanza kushuka. Hiyo ilimaanisha kwamba maji yalikuwa yakitoka nje ya mfumo mahali ambapo jicho halikufika.

Kifuniko cha gari hili kimeandikwa 0.9, yaani huzuia presha ya takribani bari 0.9 juu ya ile ya hewa ya nje, na kwa sisi tunaoishi nyanda za juu namba hiyo ina uzito wa pekee. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji katika sufuria iliyo wazi huchemka hapa kwenye nyuzijoto 95 hivi, ilhali themostati ya injini hii, yaani vali inayofungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta, huanza kufunguka kwenye 82. Kifuniko kizima hupandisha kiwango cha mchemko hadi karibu nyuzi 115. Kwa hiyo gari linalopoteza presha hapa lina nafasi ndogo sana ya kujiokoa, na anayepandisha mlima Kitonga akiwa na mzigo na kifuniko kilichochoka atachemsha mapema kuliko yule anayezunguka Dar es Salaam na kifuniko cha aina hiyohiyo.

Fundi wa kwanza alifungua kifuniko cha kujazia oili, akakuta utando wa povu jeupe, akasema gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, imekwisha na hedi ishushwe. Sikukubali, ingawa dalili aliyoitaja ni dalili ya kweli. Katika baridi ya Julai, gari linalokwenda safari fupi za mjini halipati muda wa kuipasha oili vya kutosha. Mvuke unaozalishwa na mwako hugeuka maji chini ya kifuniko hicho, ambacho ndicho sehemu ya baridi, ukachanganyika na oili kidogo na kutoa povu hilo. Kinachopaswa kutazamwa pamoja nalo ni oili ya chini, na kijiti cha kupimia kilitoka na oili safi, isiyo na weupe wowote.

Gasketi iliyotoboka huacha ushahidi mwingine. Presha ya mwako ndani ya silinda ni kubwa mara nyingi kuliko ile bari 0.9 ya kwenye maji, hivyo gesi hupenya kuingia kwenye njia za maji, mipira ya rejeta hukakamaa dakika chache tu baada ya injini kuwashwa, na mapovu hutoka mfululizo kwenye mdomo wa rejeta. Kipo pia kipimo chenye kimiminika cha buluu ambacho hugeuka njano kikikutana na gesi ya moshi. Tulikiweka juu ya mdomo wa rejeta injini ikinguruma, na rangi haikubadilika. Plagi zote nne zilikuwa na rangi moja. Hakuna iliyokuwa imeng'arishwa na mvuke.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu kushusha hedi si kazi ndogo ya kujaribia. Hedi ya injini hii ni ya alumini na imekaa juu ya bloku ya chuma cha kutupwa. Alumini hutanuka karibu maradufu ya chuma inapopata joto, na uso wake unatakiwa kuwa bapa kiasi kwamba mkengeuko unaovumilika ni sehemu chache tu za mia za milimita. Ikishafunguliwa lazima ipimwe, ichongwe ikihitajika, na boliti zikazwe kwa mpangilio na kwa kipimo. Kuifungua ikiwa nzima ni kujitafutia tatizo jipya huku lile la kwanza likiwa palepale.

Nilimpelekea gari fundi mwingine, mzee wa makamo mwenye gereji ndogo. Baada ya shikamoo na marahaba, alizunguka gari mara moja, kisha akauliza, "Mwalimu, hita ya gari hili inafanya kazi?" Nikamjibu kwamba inafanya na tunaitumia kila asubuhi. Akasema, "Basi tuanzie ndani, tusianzie kwenye injini."

Swali hilo lina historia yake. Pwani, mtu akinunua gari la zamani kutoka Japani hana haja ya hita, na mara nyingi mipira miwili inayopeleka maji ndani ya gari huunganishwa pamoja, ile rejeta ndogo iliyo nyuma ya dashibodi ikasahaulika. Huku kwetu haiwezekani kuisahau. Kuanzia Juni hadi Agosti hita ndiyo inayokausha kioo cha mbele, na anayeelekea Mafinga alfajiri katika ukungu anaitegemea ili aone barabara.

Alifunga pampu ya mkono yenye geji kwenye mdomo wa rejeta, injini ikiwa baridi, akaipandisha hadi 0.9. Mshale ulitulia kidogo, kisha ukaanza kushuka polepole. Kwenye injini hapakuwa na unyevu. Tukainua mkeka wa upande wa abiria, akabonyeza karatasi nyeupe ya shashi kwenye kapeti, na karatasi ikatoka na rangi ya kijani hafifu, yenye utelezi. Maji ya kiyoyozi yangekuwa hayana rangi wala utelezi. Ule utando wa mafuta uliokuwa ukirudi kwenye kioo cha mbele kila ulipofutwa nao ukapata maelezo yake: ulikuwa mvuke wa kulanti, ile dawa ya rangi inayochanganywa na maji ya rejeta, uliokuwa ukipulizwa na feni ya hita. Wapo wanaoonja kwa ncha ya ulimi ili kujua kama ni kulanti, na hilo ningewaomba waliache kabisa, kwa kuwa kulanti iliyo nyingi sokoni ina ethilini glaikoli, sumu tamu inayoharibu figo na inayoweza kuua mtoto au mbwa akiinywa.

Rejeta ndogo ilipotolewa, baada ya nusu ya dashibodi kuvuliwa, ilikuwa imeliwa kutokea ndani. Gari hili lilipita miaka mingi, kabla halijafika kwetu, likijazwa maji ya bomba. Maji yenye chumvichumvi hujenga ukoko kwenye mirija kama ule wa ndani ya birika, na yasipokuwa na dawa ya kuzuia kutu, ambayo ndiyo faida kuu ya kulanti mahali pasipo na theluji, alumini huchimbika taratibu. Kulanti niliyoitia baadaye ilikuta mirija imeshakonda.

Tungeweza kuunganisha mipira na kuiacha hita ife, kwa gharama ndogo sana. Nilichagua kununua rejeta ndogo nyingine iliyotumika lakini iliyopimwa kwa presha mbele yangu, na sijutii fedha hiyo, kwa kuwa kioo kinachoona ni usalama. Mipira miwili inayopita ukutani kuingia ndani tuliibadilisha palepale, kwani ilikuwa na umri uleule, na kuifikia baadaye kungetaka kazi yote irudiwe. Fundi aliguna pale kijana wake alipopendekeza themostati itolewe "ili injini ipate hewa". Ikitolewa, injini huchelewa kupata joto lake, hula mafuta zaidi, na lile povu jeupe chini ya kifuniko cha oili huongezeka.

Kujaza kulifanywa bila haraka. Gari liliegeshwa pua ikiwa juu kidogo, kitasa cha hita kikawekwa kwenye joto la mwisho ili maji yapite huko, na mchanganyiko wa nusu kulanti na nusu maji yaliyoondolewa madini ukamiminwa taratibu, jumla yake lita 5 hadi 6. Injini iliwashwa kifuniko kikiwa wazi hadi mpira wa rejeta uliokuwa baridi ukapata moto ghafla, ishara kwamba themostati imefunguka. Mapovu ya hewa yakatoka, kiwango kikashuka, tukaongeza, tukafunga. Pampu ya presha ilirudishwa injini ilipopoa, na safari hii mshale haukusogea.

Jana tulikwenda Mafinga na kurudi. Asubuhi hii maji yalikuwa kwenye mdomo wa rejeta, na kopo lilikuwa kwenye mstari wake. Kapeti bado imeanikwa nje, kwa kuwa imeoshwa kwa sabuni mara ya pili, na haitarudi ndani hadi harufu ile tamu iishe kabisa.