Kazi Yangu ni Kuwaza Mabaya: Siku Moja Lamu

Saa 11 alfajiri. Muadhini hajamaliza, nami nishashika simu. Kila usiku seva yetu, ile kompyuta kuu ya kampuni, hujinakili kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za mbali kupitia mtandao, kisha hunitumia ujumbe mmoja: "Imekamilika" au "Imeshindikana". Leo imekamilika. Nilirudi kulala kidogo, ingawa neno hilo silipendi. Kukamilika ni kunakiliwa tu. Kama nakala itafunguka siku ya shida ni swali jingine, na ndilo swali ninalolipwa kulijibu.

Mama huwaambia watu natengeneza kompyuta. Kazini wanajua mimi ni mtu wa printa. Ukweli ni kwamba ninapanga namna kampuni itakavyorudisha mifumo yake siku jengo likiungua, bahari ikiingia, radi ikipiga au virusi vikifunga mafaili na kudai pesa. Tunauza saruji, mabati na oili ya injini za boti, hapa mjini, Mokowe na Mpeketoni. Mauzo, stoo, madeni na mishahara yote imo ndani ya mashine moja iliyo ghorofani, si mbali na gati.

Saa 2 nilifungua chumba cha seva. Nilichomoa waya mmoja wa mtandao nikautazama kwenye mwanga wa dirisha: vile vijino vya shaba vimeanza kufanya ukungu wa kijani. Chumvi hiyo. Upepo wa kusi huileta mpaka ndani ya droo. Nilikata kichwa cha waya, nikafunga kipya. Saa 3 kikao cha kila Jumanne, hakuna jipya.

Saa 4 nilikwenda stoo na karatasi yangu ya maswali. Kila idara naiuliza mambo mawili: mfumo ukilala, mwaweza kukaa muda gani kabla kazi haijaharibika? Na mkipoteza kumbukumbu, mwaweza kupoteza za muda gani?

Msimamizi wa stoo, ambaye sote twamwita Ami, alijibu bila kuinua kichwa. "Hata dakika moya."

Wote husema hivyo. Dakika sifuri maana yake ni seva ya pili inayotembea sambamba na ya kwanza mahali pengine, laini mbili za mtandao, umeme wake na mtu wake. Mkurugenzi akiona bei yake atakalia kiti bila kukiangalia. Kwa hiyo sibishani, nauliza kwa mlango wa nyuma.

"Ami, wakumbuka Agosti 2023, nchi nzima ilipoingia gizani usiku wa Ijumaa ile, tarehe 25? Jumamosi yake mliuza?"

"Tuliuza sana."

"Kwa kutumia nini?"

"Kwa daftari, mwanangu."

"Siku nzima?"

"Siku nzima."

Nikaandika: stoo, saa 24. Mhasibu naye aliapa dakika sifuri, tukazungumza, tukashukia siku mbili, isipokuwa mwisho wa mwezi wakati wa mishahara, muda wa saa 4. Kazi hii nusu yake ni kupatana bei kama sokoni.

Kisha zoezi la kurudisha mfumo. Saa 6:10 mchana nilituma ujumbe kwa wakuu wote: jengo limeungua, hakuna kilichosalia. Nimechagua moto kwa sababu huku moto si hadithi. Vichochoro vyetu hupita punda wawili kwa taabu, lori la zimamoto lipite wapi? Ni ndoo na watu. Na wala si Lamu peke yake: Machi 2021 kituo kikubwa cha data kiliteketea Strasbourg, Ufaransa, na wako wateja waliogundua kwamba nakala zao za akiba zilikuwa palepale kulikoungua. Ndiyo maana nakala yetu moja inakaa ng'ambo, Mokowe, kwenye diski inayobadilishwa kila Ijumaa.

Nakala ya wingu nimeipiga marufuku leo makusudi. Mei 2024 kebo za mtandao za EASSy na SEACOM zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na mtandao ukatambaa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Kurudisha mfumo mzima kupitia mtandao wa namna ile ni kujaza kisima kwa kijiko.

Mpango ulioandikwa, wenye sahihi ya mkurugenzi, unasema tutarudi hewani baada ya saa 4.

Kijana wa duka la Mokowe aliichukua diski mara moja. Boti haikuondoka mara moja, ilikuwa yangoja abiria. Saa 7 na nusu ndipo diski ilipofika, imefungwa mfuko wa nailoni, ndani ya kikapu cha maembe. Maembe hayakuwa kwenye mpango. Mishahara ya watu wote inavuka maji ndani ya kikapu, na kwa sheria ya Kenya ya kulinda data ya 2019, data za watu zikivuja na kuhatarisha wenyewe una saa 72 za kuiarifu ofisi ya kamishna wa data. Ndiyo sababu diski tumeifunga kwa neno la siri.

Neno la siri limo kwenye bahasha. Bahasha imo kwenye sefu. Sefu imo kwenye jengo.

Mhasibu akainuka kwenda kuifungua. "Dada," nikamwambia, "jengo limeungua." Akanitazama, akaitazama sefu iliyo mbele yetu nzima kabisa, akaketi.

Bahasha ya pili iko kwenye sefu ya Mokowe. Ufunguo anao meneja. Meneja yuko matangani Witu, simu imezimwa. Nikajaribu nambari ya msaidizi wake kwenye orodha ya dharura: mwenye nambari aliacha kazi zamani, sasa anauza nguo, akanisalimia vizuri na kuniuliza kama nahitaji kikoi. Orodha ile niliipitia mimi mwenyewe. Sahihi yangu iko chini.

Hapo saa zikaacha kuwa na maana. Mkurugenzi anapiga: "Imerudi?" Bado. Printa ya chini imekwama karatasi, njoo mara moja. Siwezi. Mkurugenzi tena. Tumbo linanguruma, biriani niliyoagizia imepoa ikaganda mafuta. Mtu wa mauzo anauliza kama moto huu wa kujifanya utaisha kabla ya magharibi. Kuna wakati nilifikiria kuifungua ile sefu ya hapa na kunyamaza. Nani angejua?

Saa 10 kasoro meneja alipiga. Ufunguo ameuacha nyumbani, ndani ya kopo la majani ya chai, mkewe atamtuma mtoto dukani. Bahasha ikafunguliwa, nikatumiwa picha. Mwandiko wa haraka, herufi na tarakimu 16, na katikati kuna kiduara. Ni sifuri au ni herufi O? Meneja mwenyewe ndiye aliyeandika na hakumbuki. Nikajaribu O, ikakataa. Nikajaribu sifuri, ikakataa. Kumbe hata ile niliyoisoma tarakimu 1 mwishoni ilikuwa herufi l.

Kurudisha kulianza saa 10:40. Saa 12:50 mfumo ukafunguka kwenye kompyuta ya akiba. Muda wa saa 6 na dakika 40, si saa 4. Na mauzo yaliyomo yanakoma Ijumaa.

Wengine walishaondoka. Ami alipanda ngazi polepole, daftari kwapani. Kumbe tangu Agosti ile hajaacha kuandika: kila mfuko wa saruji kwa kalamu, kisha ndipo auingize kwenye mfumo. Akavaa miwani, akasoma, nami nikachapa. Jumamosi yote, Jumatatu yote, mpaka Jumanne saa 6:10. Alikuwa akilamba kidole kufungua ukurasa, na mara moja tu alisimama, kunisahihisha.

Ripoti nimeandika neno moja juu: Limeshindwa. Mkurugenzi ameomba niandike "limefaulu kwa kiasi". Nimemwambia tutazungumza kesho, na hata kesho sitabadilisha.

Saa 3 usiku, nyumbani, nimeandika neno jipya la siri kwenye karatasi mbili kwa herufi za kuchapa. Boti ya asubuhi naivuka mwenyewe na bahasha ya Mokowe. Sifuri nimezipiga mkato.