Hekta, Heka na Kifuniko cha Dawa

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nje ya nyumba moja Mbozi, mkoani Songwe, daftari mapajani, nikimtazama mama mwenyeji wetu akisoma jibu kwenye kiswaswadu chake. Mahindi yake yalikuwa yamefika magotini, na viwavijeshi vamizi, hawa waliotuingilia nchini mwaka 2017, walishaanza kuyatoboa. Alikuwa ameuliza kwa ujumbe mfupi apulize dawa kiasi gani. Huduma yetu ya akili mnemba ikamjibu papo hapo, kwa Kiswahili kilichonyooka, ikampa kipimo cha hekta moja. Mama akasoma kwa sauti: "Kwa heka moja." Akainuka kwenda kuchukua chupa.

Nikamwomba asubiri kwanza. Heka, kwa wakulima wetu wengi, ni ekari, na hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu. Jibu lilikuwa sahihi, lakini lingemfanya apulize dawa mara mbili na nusu ya inayotakiwa, tena kwa pampu inayovujia mgongoni.

Kabla ya safari ile tulikuwa tumewapigia wakulima simu na kuwauliza wanaionaje huduma. Wote walisema ni nzuri. Ungetegemea wasemeje? Mgeni kutoka Dar anakuuliza kama kazi yake inafaa. Utamwambia inafaa, ni adabu tu. Swali lile nimelifuta kabisa. Siku hizi nasema, "Mama, shamba lina wadudu. Fanya kama mimi sipo," halafu nanyamaza. Na kunyamaza ni kazi ngumu kweli, hasa unapomwona mtu anabonyeza kitufe kisicho sahihi.

Kwa kunyamaza niligundua kwamba hakuna aliyepima dawa kwa mililita. Walipima kwa kifuniko cha chupa, na vifuniko havilingani. Pampu nazo, moja ni ya lita 16, nyingine ya lita 20. Mashine ya aina hii hutunga jibu kwa kukisia neno linalofaa kufuata, kwa hiyo hukosea kwa ufasaha uleule inaopatia. Mkulima hana namna ya kuyatofautisha majibu hayo mawili. Tukaamua vipimo visitungwe na mashine hata kidogo. Vitoke kwenye jedwali lililoandaliwa kwa kufuata lebo za dawa na kukaguliwa na bwana shamba, na mashine iulize kwanza jina la dawa na ukubwa wa pampu.

Kabla ya kujenga toleo la pili tulifanya jaribio ninalolipenda kuliko yote. Bwana shamba alikaa chumba cha pili akijibu kwa mkono wake maswali yaliyotumwa kana kwamba yanaenda kwa mashine. Jaribio lilipokwisha tuliwaeleza washiriki ukweli, tukawaomba ruhusa ya kuyatumia mazungumzo yao. Nilihesabu: mara nyingi alijibu kwa swali. Na mara kadhaa aliandika, "Hapo sina uhakika, nitapita nione."

Ofisini wenzangu waliogopa kwamba mashine ikikiri haijui, watu wataikimbia. Nikarudi na rasimu mbili za majibu, moja yenye jibu la kila kitu, nyingine inayosema pale inapokwama na kutoa namba ya afisa ugani wa kata. Mzee mmoja alizisoma zote taratibu, akaigonga ya pili kwa kidole: "Huyu kama bwana shamba wetu. Akishindwa anasema."

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikulifikiria nikiwa Dar. Simu nyingi tulizozikuta zilikuwa za nyumba nzima. Binti mmoja aliniambia hawezi kuuliza habari ya bei ya mahindi yake kwa sababu majibu atayasoma mume. Tukaacha kutuma vikumbusho vinavyorudia alichouliza mtu. Fomu ya ridhaa ya kutumia taarifa zao tulianza kuisoma kwa sauti, kwa maneno ya kawaida. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka mtu ajue taarifa zake zinakwenda wapi, na karatasi ya kurasa tatu haimwambii lolote.

Msimu uliofuata nilirudi kwa yule mama. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu." Hakunisubiri nimpe kazi ya kufanya. Aliiuliza mashine mahindi ya Mbozi hupandwa lini, jambo analolijua tangu utoto wake. Alisoma jibu mara mbili, akatikisa kichwa kukubali. Ndipo akauliza kuhusu dawa. Ikamuuliza pampu yake ni ya lita ngapi. Akaivuta pampu kutoka ukutani, akaigeuza, akafuta tope kwa kiganja, akaanza kutafuta namba.