Kaiji: pua zilizochongoka na deni la mtu mwingine

Anayeifungua Kaiji, manga (hadithi ya vibonzo ya Kijapani), akitokea kwenye manga za michoro laini lazima agune. Pua zimechongoka kama omo la mtumbwi, videvu kama vimechongwa kwa panga, na mikono mingine haifanani kabisa na mikono. Usiifunge. Nobuyuki Fukumoto alianza kuitoa mwaka 1996 kwenye jarida la Young Magazine, na mwaka 1998 ikapata Tuzo ya Manga ya Kodansha.

Kisa chenyewe hakihitaji maelezo marefu kwa mtu wa Mwanza. Itō Kaiji hana kazi ya maana. Siku moja mkopeshaji, Endō, anamgongea mlango: jamaa aliyewahi kufanya naye kazi alikopa yen 300,000, Kaiji akasaini udhamini, jamaa akayeyuka. Riba imelifikisha deni yen 3,850,000. Kama umewahi kuona watu wa kausha damu wakimfuata mdhamini pale Kirumba Mwaloni, huku mwenye mkopo keshavuka zamani na kivuko cha Kamanga, basi uso wa Kaiji unaujua.

Mstari laini ungempendezesha, na Kaiji hatakiwi kupendeza. Tazama uso mmoja tu anapobanwa: mistari minene inarudiwa chini ya macho, jasho linashuka kwa michirizi, machozi yanamwagika kama bomba limepasuka. Lile “zawa... zawa...” lililotapakaa pembeni ni minong’ono ya watu, na pia ni moyo kwenda mbio. Likijaa ukurasa, punguza mwendo. Kuna mtu anakaribia kukosea.

Soma kutoka kulia kwenda kushoto. Kwenye simu, usivute kisanduku kimoja kimoja, maana utaua mapigo ya ukurasa: Fukumoto hukaa kwenye wazo moja kurasa kadhaa, kisha anakupiga na uso mmoja mkubwa. Picha ikichukua kurasa mbili, laza simu. Zima pia ile hali ya usiku inayogeuza rangi, kwa sababu weusi wake ukigeuka mweupe, hofu yote inapotea.

Ili kufuta deni, Kaiji anapanda Espoir, meli ambamo wadaiwa wanacheza kamari, na njia nzuri kuliko zote ya kuielewa manga hii ni kuucheza mchezo huo wa melini. Kusanyeni watu 6 kijiweni, mkate kadi 72 za boksi: kila mtu 4 za jiwe, 4 za karatasi, 4 za mkasi. Nyota ziwe vifuniko vya soda, 3 kwa kila mmoja. Kadi iliyotumika hairudi. Wawili wanatoa kadi moja moja kwa pamoja; mshindi (jiwe hushinda mkasi, mkasi karatasi, karatasi jiwe) anachukua nyota moja ya mwenzake. Sare haihamishi kitu. Anayepona ni aliyemaliza kadi zote akiwa na nyota 3 au zaidi. Mmoja aandike ubaoni kadi za kila aina zilizobaki, kila mtu azione. Bila ubao huo unabaki mchezo wa bahati tu. Melini walipewa saa 4, na fedha za kuanzia zilikuwa za mkopo, riba asilimia 1.5 kila dakika 10 juu ya riba. Piga hesabu: milioni moja inashuka melini ikiwa karibu milioni 1.43.

Na kila mtu angeweza kupona. Wawili wakikubaliana kutoa kadi zilezile mara 12, ni sare tupu. Kazi ni kumwamini mwenzako mpaka kadi ya mwisho. Mkifika kadi ya 3, tazamaneni usoni, kisha rudini kwenye juzuu ya kwanza mziangalie tena zile pua.