Mzani, paleti na gugumaji: siku moja kwenye karakana ya samani Kisumu

Saa 12:20 asubuhi

Kazi inaanzia kwenye mzani, kabla ya chai. Kwenye rafu karibu na dirisha kuna kipande cha mbao ya paleti (jukwaa la kubebea mizigo), urefu wa kiganja. Kimekatwa katikati ya ubao, maana ncha hukauka upesi na kipande cha nchani kitakudanganya. Asubuhi na jioni kinapimwa kwa mzani wa jikoni wa dijitali, uzito unaandikwa juu yake kwa chaki. Ukikaa palepale siku tatu mfululizo, mbao za rundo lile zimezoeana na hewa ya hapa na zinaweza kutiwa gundi. Leo ni gramu 218. Jana asubuhi zilikuwa 221, juzi 225. Bado zinashuka, kwa hiyo uso wa meza ya kahawa hauungwi leo, hata simu zipigwe mara ngapi.

Hesabu yake ni hii. Ubao hupungua upana takriban asilimia 0.2 kwa kila asilimia moja ya unyevu inayotoka. Unga uso wa sentimita 60 ukiwa na unyevu wa asilimia 18, uupeleke sebuleni ushuke hadi 12, utapungua milimita 7. Ukiwa umekazwa kwa skrubu pande zote hauna pa kwenda, basi unapasuka, na mara nyingi unapasuka katikati, mbele ya wageni. Ndiyo maana hata mbao ikikauka sawasawa, matundu ya skrubu chini ya meza hutobolewa marefu kama yai, ili uso upate pa kutembea.

Saa 1:00 asubuhi

Mkokoteni umeleta paleti kumi na mbili. Tano zinarudi na mwenye mkokoteni palepale.

Kinachotazamwa kwanza ni muhuri uliochomwa kwenye kitalu, kile kigogo kifupi cha pembeni. HT maana yake mbao zilipashwa moto hadi nyuzi 56 katikati ya ubao kwa dakika 30, hizo ni salama. MB ni dawa ya gesi ya methili bromidi. Paleti hizo hazipaswi kuingia nyumba ya mtu. Isiyo na muhuri kabisa huenda ni ya hapa hapa nchini, na inaweza kuwa nzuri tu, ila ikague kwa wadudu: unga mwepesi kama wa mahindi chini ya vitundu vidogo. Baada ya hapo ni pua. Mafuta ya gari, dawa za mashamba na samaki havitoki kwa kuoshwa. Mbao yenye doa la mafuta hata vanishi haiishiki.

Watu huuliza kuhusu mbao za mashua kuukuu za ziwani. Zinapendeza kweli, rangi ile ya jua na maji haigizwi kwa brashi. Lakini misumari imeozea ndani, kichwa hakionekani, na msumari mmoja unatosha kuharibu visu vya mashine ya randa. Pitisha sumaku kila sentimita kumi, au ziache zining'inie ukutani kama zilivyo.

Saa 1:40 asubuhi

Kubandua. Paleti ya Ulaya, yenye alama ya EUR, ina mbao 11, vitalu 9 na misumari 78. Msumari mmoja ukichukua dakika moja, hiyo ni zaidi ya saa nzima kwa paleti moja, na hapo ndipo faida ya "mbao za bure" inapotelea. Misumari yake ina mizunguko kama skrubu, kwa hiyo mwenye papara na mtaimbo anapasua ubao kuanzia nchani.

Njia ya haraka ni kutong'oa. Ingiza msumeno wenye bapa la kukatia chuma kati ya ubao na kitalu, kata shingo za misumari, ubao unatoka mzima huku vichwa vimebaki ndani. Kwa meza ya kijijini vichwa hivyo ni urembo. Kwa kazi inayopita kwenye randa, visukume kutoka nyuma kwa msumari butu, kisha uvivute kwa koleo.

Mbao za unene wa milimita 22 zikirandwa pande mbili hubaki 18. Kijana anayejifunza kazi hupenda kuranda mpaka kila alama iishe. Hapana. Ukifika 15 ubao unaanza kupinda, na alama za kazi ya zamani ndizo mteja anazolipia.

Tangu serikali ilipositisha ukataji katika misitu ya umma Februari 2018, bei ya mbao mpya ilipanda na mafundi wengi wakageukia za zamani. Serikali ilipotangaza kuondoa marufuku 2023, wateja walikuwa wamekwisha kuzipenda.

Saa 4:00 asubuhi

Sasa acheni mengine yote, ni saa ya kupaka.

Wageni wa Kisumu hudhani alfajiri ndiyo nzuri kwa sababu vumbi limetulia. Alfajiri hewa ndiyo imelowa zaidi. Jioni upepo wa ziwa unakutana na hewa inayoshuka kutoka milima ya Nandi, radi zinaanza. Dirisha la kazi ni kuanzia saa nne hadi saa nane mchana, baada ya hapo unacheza kamari. Ukipaka vanishi ya selulosi hewa ikiwa imelowa, uso unageuka mweupe kama umemwagiwa maziwa mepesi. Si vanishi mbovu, ingawa muuza duka atasingiziwa. Thina, kile kiyeyushi cha vanishi, inapokimbia kwa kasi hupoza uso wa mbao, mvuke wa hewani unageuka maji juu yake na kunaswa ndani ya vanishi. Dawa yake: subiri siku kavu, pulizia thina tupu nyepesi juu, uso unalainika kidogo na unyevu unatoroka. Usikimbilie kuongeza koti jingine, utafungia weupe chini.

Leo ni fremu za kabati la televisheni, urefu sentimita 150, kina 35, kimo 45. Msasa namba 80, kisha 120, kisha 180. Ukiruka 120, mikwaruzo ya 80 haionekani mpaka sila (koti la msingi la kuziba vinyweleo vya mbao) iguse, na hapo inaonekana yote. Sila na thina kiasi sawa, bunduki ya kupulizia umbali wa sentimita 20, mkono uanze kutembea kabla ya kubonyeza na uachie baada ya kupita ukingo. Koti mbili za sila, katikati msasa 320 kwa mkono mwepesi, halafu koti mbili za vanishi isiyong'aa. Miaka michache iliyopita kila mtu alitaka mng'ao wa kujitazama. Siku hizi wanataka mbao ionekane kama haikupakwa kitu. Isiyong'aa inahitaji kukorogwa kila mara, maana unga unaoua mng'ao hutuama chini ya kopo. Usipokoroga, mlango wa kwanza utang'aa na wa mwisho utakuwa kama chokaa.

Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa thina. Nunua yenye vichungi vya mkaa.

Saa 7:00 mchana

Ugali, omena, sukuma. Simu inaingia kabla mikono haijaoshwa.

"Fundi, nimekutumia picha kwa WhatsApp. Ule ukuta wa vipande vipande nyuma ya TV. Unaweza?"

"Naweza, mama. Ukuta wako una upana gani?"

"Upana wa kawaida tu."

"Mama, hakuna ukuta wa kawaida. Chukua futi kamba unipimie, juu hadi chini pia."

Vipande wima ndivyo vinavyoombwa kuliko kitu kingine chochote, pamoja na kona za mviringo na rangi za udongo: kahawia, chungu, kijani cha majani makavu. Kwa vipande, paleti inafaa sana kwa sababu hata ubao mbaya hutoa kitu. Ubao wa upana wa milimita 145, ukipasuliwa kwa bapa linalokula milimita 3, unatoa vipande 6 vya milimita 20. Ukiacha pengo la milimita 10, kila kipande kinachukua sentimita 3, hivyo ukuta wa upana wa sentimita 120 unahitaji vipande 40, yaani mbao 7. Lakini mbao ya paleti ina urefu wa sentimita 120 tu. Ukuta wa kimo cha 240 unahitaji safu mbili, mbao 14, na maungio yapishane la sivyo utaona mstari kama mkanda kiunoni. Paka ubao wa nyuma rangi nyeusi kabla ya kupigilia. Baada ya kupigilia, brashi haiingii. Kama nyumba ni ya kupanga, vipigiliwe kwenye plaiwudi inayoning'inizwa kwa skrubu nne, mpangaji ahame nayo.

Saa 8:15 mchana

Ukili wa gugumaji umefika kwa tuktuk kutoka ufukwe wa Dunga, mizingo sita.

Gugu hili asili yake ni Amerika Kusini, na tangu miaka ya 1990 limekuwa likiziba ghuba hii ya Ziwa Victoria. Kwenye samani limechukua nafasi ya henzirani inayoagizwa kutoka nje. Bua bichi zaidi ya tisa kwa kumi ni maji, hivyo mzigo wa kilo kumi unaokokotwa kutoka ufukweni hukauka ukabaki chini ya kilo moja. Anayelalamikia bei ya ukili hajawahi kuanika.

Mzingo haupokelewi bila kufunguliwa. Vidole vinaingia hadi katikati: pakiwa baridi, haujakauka. Bua likikunjwa lipinde na kutoa mlio mkavu, lisivunjike na lisiwe laini kama ngozi. Harufu ya chumba kilichofungwa maana yake ukungu umeshaanza ndani, hata kama nje ni dhahabu tupu. Mizingo miwili leo ina baridi.

"Dada, hii ilianikwa chini?"

"Ilinyesha Jumatatu, tukaingiza ndani."

Basi inaanikwa tena juu ya wavu, hewa ipite chini, siku mbili tatu. Ikilala kwenye sakafu ya saruji upande wa chini haukauki.

Milango ya kabati: fremu ya upana wa sentimita 5, nyuma imechimbwa mfuo wa milimita 8. Henzirani hulowekwa ndipo ivutwe, ikikauka inakaza. Anayejua henzirani hufanya hivyo hivyo kwa gugumaji na kuharibu kazi, kwa sababu bua hili ndani ni sponji. Linanyonya, linapiga weusi, linaota ukungu. Pulizia maji kidogo tu kwa chupa, dakika kumi kabla ya kusuka. Suka, ingiza ukingo kwenye mfuo pamoja na gundi nyeupe, kisha kandamiza kwa kijiti cha mbao kinachobana. Msuko usikazwe mno: acha nafasi za milimita 3 au 4, ili rimoti ifikie king'amuzi na joto lipate pa kutokea. Mlango uliosukwa kama mkeka wa kulalia utarudishwa ndani ya wiki.

Saa 9:30 alasiri

Stuli ya tairi, kazi ya kufunga siku. Tairi la 175/70 R13 lina kipenyo cha sentimita 57.5. Lioshe kwa sabuni na brashi, toboa matundu manne chini, kwani tairi lililolala nje na maji ni kiwanda cha mbu. Plaiwudi ya milimita 12 juu na chini, skrubu sita kila upande.

Swali la kila mwanafunzi: ukili mita ngapi? Ukiwa na unene wa sentimita 1, ubavu unachukua mizunguko 17 na nusu ya mita 1.8, karibu mita 32. Juu, ukizungusha kama konokono kutoka katikati, ni eneo la duara kugawanya kwa unene: mita 26. Jumla 58, ongeza moja ya kumi, nunua 64. Kununua 58 ni kuungaunga mwishoni, tena kwa ukili wa mzingo mwingine wenye rangi tofauti.

Gundi ya viatu inapakwa pande zote mbili, inaachwa dakika kumi hadi kumi na tano mpaka kidole kiguse kisinate. Ukibandika ikiwa bado mbichi, ukili unateleza usiku na asubuhi unakuta konokono amefunguka.

Saa 11:10 jioni

Radi ya kwanza. Fremu zilizopakwa zinasogezwa mbali na mlango, ukili unaokaushwa unaingizwa ndani na wavu wake, turubai linashushwa. Stima inapotea kabla ya tone la kwanza.

Saa 12:15 jioni

Mzani unatumia betri, kwa hiyo kipande kinapimwa gizani kwa tochi ya simu. Gramu 219.

Kijana anafuta 218 ya asubuhi kwa kidole gumba. Anaambiwa airudishe, aandike 219 chini yake.